Kaki ya Muke Wangu

Ukifika Baraka ukauliza nyumba ya kwanza iliyojengwa na ukuta wa simenti upande wa ziwa, batu watakuonyesha yangu. Siku hizi watakuonyesha kwa kidole ndani ya maji, lakini watakuonyesha. Nilianza na kichwa changu tu, nikibeba mifuko ya ndagala, dagaa wetu wa ziwa, kutoka kwenye mitumbwi mpaka sokoni, miguu peku, tumbo tupu. Shule niliachia mwaka wa tatu primaire, mwalimu alipochoka na mimi, ao mimi na yeye, sikumbuki vizuri. Leo niko na boti tatu za injini na depo yenye frigo kubwa za barafu, na hakuna mutu mtaani mule anayeweza kusema alinipa hata msumari. Sisemi hivi kwa kujisifu. Basi, ni kwa kujisifu kidogo. Lakini lazima ujue mimi ni mutu wa namna gani, ndipo uelewe vile mti mmoja ulivyonishinda.

Muke wangu hakuzaliwa hapa ziwani. Alikomaa kwenye milima ya Bukavu, kwenye baridi, mama yake akiwa mpishi wa bamasera, wale masista wa misheni. Nyuma ya jikoni la wale bamasera kulikuwa mti wa kaki. Kaki ni tunda la mviringo kama nyanya kubwa, rangi ya chungwa lililoiva, na kichwani lina majani manne makavu kama kofia. Kila mwaka mama yake alirudi nyumbani na moja, laini kabisa, akaliondoa kofia kama unavyovunja yai, akampa mtoto wake kijiko. Vita ilipokuja walikimbia, na mama akabaki njiani. Hakuna kaburi, hakuna hata foto. Muke wangu aliniambia siku moja, akichambua majani ya sombe, bila kuinua macho, kwamba uso wa mama yake umeanza kumpotea, lakini ladha ya ile kaki hapana.

Hayo aliniambia baadaye. Wakati nilipokuwa namutaka, sikuyajua. Nilikuwa na shati mbili na mdomo mukubwa. Nikamwambia, "Sema kitu kimoja tu unapenda mu hii dunia. Mi nitakuletea."

Akajibu mara moja, "Kaki."

Nikasema moyoni, huyu binti hana makuu. Nilifanya kazi juma nzima, nikaenda sokoni, nikanunua metre mbili za kaki, kile kitambaa kizito cha kaptula za shule, cha kwanza kabisa, kinachosimama peke yake ukikiweka chini. Nikamupelekea kimekunjwa ndani ya gazeti. Alifungua, akaangalia, akaniangalia, akacheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi.

"Mi nitakuwa soda wa jeshi, ao mwalimu?" akasema. "Kaki ni tunda, we mujinga wangu!"

Neno lile "wangu" lilinitosha. Nikaapa palepale mbele ya dada yake mukubwa kwamba nitamupandia mti wa kaki kwenye kiwanja changu, na kiwanja sikuwa nacho. Kitambaa hakukitupa. Alikiweka.

Miaka ilipita. Nilijenga, nilinunua boti ya kwanza, ya pili. Muke wangu hakunikumbusha hata siku moja, na hicho ndicho kilikuwa kinaniuma, kwa sababu mutu anayekukumbusha unaweza kumugombeza. Mwishoni nilipanda Bukavu kutafuta injini, na nikauliza kila mahali, mpaka nikapelekwa kwa mzee mmoja wa bustani aliyejua kuunganisha tawi la mti mmoja juu ya shina la mwingine. Akanipa miche miwili ndani ya mikebe ya maziwa ya unga. Aliniambia mambo mengi juu ya ile miti. Nilimusikiliza nusu. Mutu aliyejifundisha kila kitu mwenyewe ana ugonjwa huo.

Njiani, kwenye barrière moja, askari alichungulia miguuni pangu.

"Mzee, mu mikebe muna nini?"

"Kaki, chef."

"Nini?"

"Kaki. Naenda kuipanda kwangu."

Akaangalia suruali yake. Akaniangalia tena. "We unaenda kupanda basoda?"

Bamama wote ndani ya gari walipasuka kicheko. Nikamwambia, "Hapana chef, hii ni ya kula. Ikizaa nitakuletea moja."

"Uilete na bunduki yake," akasema, na akainua kamba tupite.

Mche mmoja mbuzi wa jirani waliumaliza juma lilelile. Wa pili ulishika. Niliupanda mbele ya nyumba, hatua kama arobaini kutoka ziwani, mahali muke wangu anauona akiwa anapika. Niliuzungushia miti na seng'enge kama jela. Na mtaa wote ukapata kitu cha kuniulizia. Nikipita tu kwenda depo: "Patron, jeshi yako inaendelea aje?" Nami nikijibu, "Iko mu mazoezi." Jirani yangu, Hadji, naye mwenye boti, anayenishinda kwa umri, si kwa idadi ya boti, alikuwa anakuja jioni na baragashia yake, anauzunguka mti, anatikisa kichwa. "Majani mengi," anasema. "Kama wewe."

Na kweli yalikuwa majani tu. Mwaka wa pili majani, wa tatu majani, wa nne majani ya kung'aa, makubwa, ungesema ni kabichi. Nikamuita agronome, bwana shamba kijana mwenye miwani na daftari. Akagusa shina, akasema mti ule ni wa nchi ya baridi. Unataka kulala kila mwaka, uangushe majani, upumzike, ndipo uamke na maua.

"Hapa ziwani, mzee, joto halimuachie alale."

Sasa mwambie hivyo mutu mwenye frigo tatu za barafu! Kiangazi kilipofika nikaanza. Kila asubuhi karai mbili za barafu chini ya mti, nimezipanga kuzunguka shina kama mawe ya jiko. Watu walikuja kuangalia. Mama mmoja muuza mihogo alisema anatamani azaliwe tena akiwa mti kwangu. Muke wangu alisimama mlangoni na mwiko wake.

"Baba, ule mti hauna homa."

"Ngoja utaona."

"Naona samaki yako inaoza mu depo."

Lakini mvua za kwanza zilipoanguka, mti ulitoa maua. Madogo, ya rangi ya maziwa, yamejificha chini ya majani kana kwamba yanaona haya. Agronome alisema si barafu, ni umri, mti ulikuwa umefika wakati wake. Mimi nasema ni barafu. Nilitembea mtaa mzima siku ile nikiwaambia watu ni barafu.

Maua mengi yalianguka. Yalibaki matunda matatu.

Miezi ile muke wangu alikuwa na desturi mpya. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, anakwenda kwenye mti, anabonyeza kila tunda na kidole gumba, polepole, kama unavyobonyeza utosi wa mtoto mchanga. Namuuliza, "Aje?" Anajibu, "Bado." Yakapata rangi, yakawa ya chungwa, mazuri ya kupiga picha. "Aje?" "Bado." Mimi niliona yameiva kabisa. Macho yangu yananunua samaki toka mbali na hayakosei, nikasema moyoni, huyu mama anataka tu kuyaangalia.

Siku moja ya Mungu muke wangu alikuwa kanisani, mkutano wa bamama, na kwangu walikuja wenye boti wenzangu kwa mambo yetu ya bandari. Hadji akaanza: "Basi jeshi hii ya watu watatu, haitapiganaka?" Wakacheka. Damu yangu ikapanda. Nikatoka na kisu, nikachuma yote matatu. Nasema yote matatu. Yalikuwa magumu kama kiazi kibichi, na hata hilo halikunionya. Nikayakata vipande, nikayapanga kwenye sahani nzuri ile ya maua, nikasimama katikati ya watu kama mutu anayebatiza.

"Kuleni. Hakuna mutu mwingine Baraka alishakula hii."

Wakatia mdomoni wote pamoja.

Kama hujawahi kula kaki isiyoiva, siwezi kukueleza sawasawa. Si uchungu. Si ukali wa ndimu. Ni kama mutu ameukausha mdomo wako kwa majivu na kuushona kutoka ndani. Ulimi unashikwa, mashavu yanavutwa, mate yanakimbia. Mmoja alitoka nje akashika ukuta. Mwingine alinyoosha kidole kuomba maji, na maji hayakusaidia. Hadji ndiye aliyeweza kusema wa kwanza, taratibu, akitafuta kila neno:

"Ulimi wangu… umevaa… soksi."

Walicheka mpaka machozi, na mimi nilicheka nao, mdomo wangu mwenyewe umefungwa. Tangu siku ile bandarini naitwa Patron Kaki.

Muke wangu aliporudi, wageni walikuwa wameondoka. Aliona sahani. Aliona zile kofia tatu za majani makavu kando ya sahani, na vipande vyenye alama za meno. Alivua kitenge chake cha kanisa, akakikunja, akachukua ufagio.

"Zilikuwa bado, baba," akasema.

Nilingoja agombane. Nilimutayarishia majibu. Alifagia tu. Nikamwambia, mwaka ujao utakula mpaka uchoke, nitakufungia mti kwa kufuli, nitauwekea mlinzi. Akasema sawa. Akaendelea kufagia mahali palipokuwa safi.

Mwaka uliofuata nilitia barafu mara mbili zaidi. Na mti haukunidanganya: matunda kumi na saba. Nilikuwa nayahesabu kila asubuhi kama mchungaji. Nilimukataza kila mutu kuyagusa, mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza.

Lakini mvua za mwaka ule hazikukata, na ziwa lilianza kutembea.

Sisi watu wa ziwani tunajua ziwa linapanda na kushuka. Mwanzo hakuna aliyeogopa. Wavuvi walivuta mitumbwi juu kidogo, wakavuta tena. Njia ya pwani ilipotea. Choo cha jirani kilianguka. Kisha asubuhi moja nilifungua mlango wa ua, na ziwa lilikuwa palepale, limelala, linapumua polepole kama ng'ombe, hatua kumi kutoka kwenye kaki.

Nikafanya yale mutu kama mimi anayafanya. Nilileta mifuko ya mchanga, gari nzima. Nilileta mawe kutoka njia ya Lubondja. Nilichimba mfereji. Maji yakaja chini kwa chini, yakatokea katikati ya ua, mbele ya macho yangu, bila kupita mlangoni. Nikatoa motopompe ya boti, ile ya kuvuta maji, nikaifunga, ikapiga kelele toka asubuhi. Fundi wangu wa injini, mzee mwenye heshima, aliangalia mpira unakotoa maji, akaangalia unakomwaga.

"Patron," akasema, "unatoa ziwa, unairudisha mu ziwa. Utamaliza Tanganyika yote?"

"Zima mdomo, ongeza mafuta."

Akaongeza. Jioni maji yalikuwa yamepanda kidole kimoja.

Nikamuita tena agronome. Alikuja amekunja suruali, viatu mkononi. Nilimwambia tuuchimbe, tuuhamishe kule juu kwenye kiwanja changu cha barabara ya Lulimba, niko na watu, niko na gari. Akasema mti wa umri ule, umebeba matunda, mizizi imeenda mbali. Ukiung'oa umeuua leo. Nikasema basi tukate matawi tuyapande. Akasema tawi la kaki halishiki hivyo, linataka shina la kuunganishwa nalo, na shina hilo hapa hatuna. Nilikata matawi mawili hata hivyo, nikayapanda kule juu, nikayamwagilia mwenyewe. Yalikauka kabla ya juma kwisha.

"Na ukiachwa ndani ya maji?" nikauliza.

"Mizizi inakosa hewa, mzee. Unakufa umesimama."

"Siku ngapi?"

Akaangalia daftari lake, na hakuna kitu kilichoandikwa pale. "Mi ni mutu wa udongo," akasema. "Ziwa si langu."

Ukuta wangu wa simenti uliinama, ukalala. Tulihamisha vitanda na masufuria, tukaenda kukaa kwenye vyumba viwili vya juu, nyuma ya depo. Hadji alikuwa amekwishahama. Boti yake moja alikuwa ameifunga kwenye dirisha la sebule yake. Hatukutaniana siku zile. Tulipokutana aliniuliza tu, "Na mti?" Nikamjibu, "Uko."

Muke wangu alikuwa anateremka kila asubuhi. Anafunga kitenge juu ya magoti, anaingia ndani ya maji mpaka mapaja, anafika kwenye mti, anabonyeza. Nami nasimama pembeni kwenye kavu na viatu vyangu vya ngozi, mwenye boti tatu.

"Aje?"

"Bado."

Yalikuwa yameanza kupata rangi upande mmoja. Zilibaki juma tatu, labda nne. Mimi nilikuwa naliangalia ziwa na kulitukana kwa Kibembe, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa kile kidogo nilichonacho. Nilishawahi kubembeleza watu wa ushuru, wakubwa wa bandari, watu wenye silaha njiani, na kila mmoja nilijua anataka nini. Ziwa halikutaka kitu kwangu.

Majani yakageuka manjano, kisha yakaanza kuanguka, yote, mpaka matunda yakabaki peke yake juu ya matawi matupu. Ukipita na boti unayaona toka mbali, kumi na saba, ya rangi ya chungwa, juu ya maji. Watu walipiga picha na simu. Nikamwambia muke wangu, angalia, sasa umelala, si agronome alisema unataka kulala? Alinigeukia.

Kisha matunda nayo yakaanza kuanguka. Yalielea. Nilichukua mtumbwi mdogo na wavu wa ndagala, nikawa nayavua, mimi, katikati ya ua wangu mwenyewe, kati ya mlango na jiko. Mengine mawimbi yaliyachukua kabla sijafika. Niliyopata ni tisa. Muke wangu aliyapokea kwenye kile kitambaa cha kaki, metre zangu mbili. Nilidhani kilishaisha zamani. Kumbe kilikuwa chini ya sanduku, bado kigumu.

Alisema atayavundika. Kwetu ndizi zinavundikwa: unazifunika pamoja na majani yake mahali penye joto, zinaivishana. Yeye aliyapanga ndani ya kitunga, kati ya ndizi zilizoiva, akafunika na kitambaa, akaweka nyuma ya frigo ambako mota inatoa joto. Frigo zilezile zilizotoa barafu.

Siku ya tatu yalianza kuoza. Si kuiva, kuoza: doa jeusi linaanza kwenye kofia, linateremka, na ndani bado ni gumu. Tuliyatupa moja moja. Yeye ndiye aliyetupa, mimi nilikuwa nauliza tu, "Na lile?" Yakabaki manne. Yakabaki mawili. Mwishoni likabaki moja, na lile lilikuwa zuri, jekundu upande mmoja, na ukilibonyeza upande ule linabonyea.

Asubuhi moja alilitoa, akaliweka mezani juu ya sahani ya maua. Akaleta kijiko. Nilikuwa nakwenda bandarini, nikavua kofia, nikakaa.

Akaliondoa kichwa, taratibu. Ndani lilikuwa linang'aa kama asali. Akachota upande ulio laini, akatia mdomoni, akafumba macho.

Sijui alikwenda wapi. Nilisikia mota ya frigo, nikasikia watu wanapakua samaki nje, mmoja anatukana ndoo. Nilimuangalia uso wake, kila mahali pa uso wake, kama vile nilikuwa naangalia mbingu kabla ya kutoa boti.

Shavu lake likavutika. Kidogo tu, upande mmoja. Akameza kwa nguvu.

"Mwanzo ilikuwa yenyewe," akasema. "Mwanzo kabisa."

"Na sasa?"

Akachota tena, akaninyooshea kijiko, kama unavyomulisha mtoto. Nikala. Na kweli, mwanzoni kulikuwa na kitu, utamu wa ajabu, mzito, wa baridi, ambao sikuwahi kuukuta hapa ziwani. Nilianza tu kuuelewa na mdomo ukafungwa. Majivu. Uzi. Ulimi ukashikwa juu.

Alikuwa ananiangalia. Alijua mimi nasema nini saa kama hizi: mwaka ujao, nitakwenda Bukavu, nitaleta miche kumi, nitaipanda juu ya mlima, nitaleta mlima wenyewe hapa.

"Leo hausemi kitu?" akauliza.

Nikamuonyesha mdomo wangu na kidole.

Akacheka. Kicheko kilekile cha siku ya kitambaa, ila mara hii alikuwa amekaa tayari. Kilimuchukua muda. Kisha akachukua kile kipande kilichobaki, kigumu, akakibonyeza na kidole gumba kana kwamba kingeweza kubadilika mkononi mwake, akakirudisha ndani ya kitunga peke yake, akakifunika.

"Bado," akasema.

Nilikwenda bandarini. Njia ya bandarini siku hizi inapita pale ambapo unauona mti, mweusi, mtupu, maji yakiwa yameshika shina mpaka kifuani pangu. Fundi aliniuliza boti ya pili itoke saa ngapi. Nilimuonyesha vidole vitatu, kwa sababu ulimi ulikuwa haujafunguka.